Pilau Haitaki Macho

Siwema Mbaruku aliushika ule upawa kwa mkono wa kulia, ukamkataa. Haukuteleza wala haukuanguka. Ulikaa vibaya tu, ukimchoma kiganja kwa pembeni, kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake. Akauhamishia mkono wa kushoto bila kufikiri, na hapo hapo mpini ukatulia. Kila kidole kilikuta mahali pake.

Nyuma yake Injinia Shekiondo, mkuu wa kiwanda, akakohoa. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Visu vimetoka sawa. Majembe, mafagio, hata bakora ya yule mzee wa Chumbageni. Huu upawa peke yake ndio umegeuka. Ulipokipokea chombo, mwenyewe alisema anatumia mkono gani?"

"Kulia," alijibu Siwema. Ukweli ni kwamba hakumuuliza mwenyewe. Alijaza jibu kichwani akalitamka kwenye mashine ya taarifa, kwa sababu pale pwani humwulizi mwanamke mtu mzima kama anapikia mkono wa kulia. Ni sawa na kumwuliza kama ananawa.

Kiwanda chao kilikuwa Pongwe, nje kidogo ya Tanga, na kilitengeneza vitu vya nyuzihai. Ni mkonge huo huo uliowatoa jasho mababu, ila huu ulilishwa vijidudu vya maabara mpaka nyuzi zake zikawa zinajifunza. Ukiushika mpini wa nyuzihai miaka na miaka, unakaza pale unapoukandamiza na kulegea pale usipougusa, mwisho unakuwa wako kama jino lako. Kwa hiyo vitu havikuvunjika ovyo, na watu hawakununua vipya kila Idi. Ukikichoka chombo unakirudisha kiwandani, kinafinyangwa upya, anapewa mwingine. Lile jalala la mji lililokuwa likifuka moshi utotoni mwa Siwema sasa lilikuwa kiwanja cha mpira.

Ubaya ulikuwa kwenye huko kurudisha. Nyuzi hazikubali umbo jipya mpaka zisahau mkono wa zamani, na dawa ya kuzisahaulisha ilikuwa moto. Matanuri matatu yalikuwa nyuma ya kiwanda yakila kuni mchana kutwa. Kuni zilitoka Kilima cha Mizambarau, na nusu ya kilima ilikwishaliwa. Kiwanda kilichojengwa ili kuokoa miti kilikuwa kinaila miti. Binadamu bwana, akikuzibia tundu huku anakutobolea kule.

Siwema alizaliwa chini ya kilima kile. Msimu wa zambarau yeye na wenzake walirudi nyumbani na ndimi za rangi ya wino, wakiapa kwamba hawakupanda miti, na mama zao wakiwaambia toeni ulimi tuone. Siku tingatinga lilipoangusha mti wa kwanza alikuwa tayari mbunifu wa kiwanda, amevaa koti jeupe, anatazama dirishani. Tangu siku ile hakulala vizuri mpaka alipopata njia yake: bafu la maji ya chumvi ya uvuguvugu, linalolainisha nyuzi bila kuzisahaulisha. Chombo kipya kinazaliwa na kumbukumbu ya mkono wa zamani, na anapewa mtu mwenye mkono unaofanana nao. Hakuna moto, hakuna kuni.

Ilibaki mkaguzi wa serikali akubali. Mkaguzi mwenyewe, Bi Perpetua Ngonyani, mama mpole wa Songea asiyeruka hatua hata moja, alikuwa amesimama pale pale na kipima-mkono chake, kile kisahani cha kioo kinachosoma kiganja na mpini na kusema kama ni ndugu.

"Mimi sina ugomvi na upawa, mama," alimwambia Siwema. "Chombo kinasema kushoto, taarifa inasema kulia. Ama chumvi yako inageuza kumbukumbu, ama taarifa ilikosewa. Kama ni chumvi, kesho itageuza mpini wa panga na mtu atajikata mguu. Nikijua sababu nitapitisha. Nisipoijua, sipitishi."

"Taarifa ilikosewa," alisema Siwema.

"Basi niletee mwenye mkono auweke hapa kwenye kioo. Neno tupu halitoshi. Jumatatu nafunga ukaguzi."

"Na matokeo?"

"Yatasomwa kwa wafanyakazi wote, jina la mtu na jina la chombo. Ndivyo sheria ya majaribio inavyotaka, ili asije mtu akasema tumepika."

Injinia Shekiondo akacheka kidogo kwa hilo neno tumepika. Siwema hakucheka. Nusu ya wafanyakazi wa Pongwe walitoka Ngamiani, na hakuna mtu wa Ngamiani ambaye hakuwahi kula pilau ya mwenye mkono ule. Upawa ulikuwa umetokana na mwiko wa shughuli wa mama yake.

*

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye mkeka anachagua mchele. Miguu ilikuwa imemchoka na macho yalikuwa yanaelekea huko huko, lakini vidole vilijua chuya iko wapi. Siwema akamwamkia, akaitikiwa, akaketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliangalia ni mkono gani unaochagua. Ulikuwa wa kulia, na ulikuwa wa polepole.

Zamani hakukuwa na harusi Ngamiani bila Bi Mwanakombo. Watu walipanga tarehe kwa kumwuliza yeye kwanza, kadhi baadaye. Akifika anafungiwa kanga mbili kwenye kamba, jiko linakuwa upande wake na wanawake upande wao. Wakate vitunguu, waoshe mchele, wapige soga, lakini pazia lisiguswe. "Pilau haitaki macho," alikuwa akisema. "Ikitazamwa inanuna." Watu wakasema ana siri ya bizari, wengine wakasema anaogopa jicho la husuda, na husuda kweli ipo. Siwema mdogo alilala kwenye gunia la vitunguu akisikiliza mwiko ukigonga sufuria nyuma ya pazia. Mpaka leo, akinusa iliki tu, alisikia ule mlio wa mwiko, ngo, ngo, na sauti ya mama yake ikiimba puani bila maneno.

"Mama, ule mwiko wako," alianza.

"Umeshachomwa?"

"Haukuchomwa. Niliutia kwenye chumvi. Umekuwa upawa."

Vidole vikasimama juu ya mchele.

"Mama, wewe ni mashoto?"

Bi Mwanakombo alisukuma ungo pembeni, akakunja kanga yake mapajani, akamtazama mwanawe kama anamtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Nilikupa ukauchome, Siwema," alisema. "Sikukupa ukausome."

"Sikujua, Mama."

"Ulijua vinasema. Ndiyo kazi yako hiyo, vitu vinavyosema. Hao wote waliorudisha vyombo vyao, umewauliza kama wanataka wasemewe? Mtu anaishi na mke mmoja, mpini wa jembe lake una mikono ya wanawake wawili. Umewauliza?"

Miaka yote Siwema alihesabu moshi na miti, na hayo aliyahesabu vizuri. Jambo hili halikumpitia akilini, na sasa liliingia likakaa.

"Na mimi je?" alisema, na sauti ilimtoka ya kitoto, hakuipenda. "Mimi ulinifunga mkono wa kushoto kwa leso, Mama. Nikienda chuoni kusoma Kurani, nikila, nikiandika. Nililia mpaka mwalimu Bi Fumu akanionea huruma. Na wewe nyuma ya pazia..."

"Kwa sababu nilijua uchungu wake ndiyo nikakufunga." Bi Mwanakombo alisema hivyo bila ukali. "Mama yangu alinichoma na kijinga cha moto. Hapa, tazama. Nikasema mwanangu hatachomwa, atafungwa kwa kitambaa laini. Nikaona nimefanya wema. Mkono wa kulia naupikia chai. Pilau ya watu mia haikubali mkono usiokuwa wako, nimejaribu, ilishika chini. Kwa hiyo nikavuta pazia."

Kovu lilikuwa nyuma ya kiganja cha kushoto, dogo, limeng'aa. Siwema alilijua maisha yake yote kama kovu la mafuta.

Alimweleza habari ya mkaguzi, ya Jumatatu, ya kioo, ya jina litakalosomwa. Alimweleza kilima. Hakumwomba. Alitaka, lakini aibu ilimshika.

"Watu waliokula kwangu wengine wamekufa," alisema Bi Mwanakombo. "Waliobaki wanajisifia kwamba walilishwa na Mwanakombo. Unataka waambiwe walilishwa kwa mkono wa chooni? Wajukuu zao wawacheke?"

"Nani anajali siku hizi, Mama?"

"Mimi najali. Niko hai." Akavuta ungo wake. "Miti itaota tena. Jina haliwi na msimu."

*

Jumatatu asubuhi Siwema alipita njia ya kilimani makusudi. Mizambarau iliyobaki ilikuwa imetiwa alama ya chokaa shinani, tayari kwa tingatinga. Chini yake zambarau zilizopondeka zilikuwa zimepaka njia rangi ileile ya zamani. Aliokota moja akaila. Ilikuwa kali, ikamkaza ulimi, akajikuta analia katikati ya njia, na mwenye toroli akampisha kwa heshima akidhani ana msiba.

Ukumbini mwa kiwanda Bi Perpetua alikuwa ameshafika. Injinia Shekiondo alimvutia Siwema pembeni ya mlango.

"Umempata mwenye mkono?"

"Nimempata."

"Alhamdulillahi. Yuko wapi?"

"Hataki."

"Hataki vipi? Mwambie ni kwa faida ya mji mzima. Mwambie..." Akamtazama usoni, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaelewa kwamba mtu huyo ni wa karibu. Akapunguza sauti. "Siwema, kwani lazima aje? Tukimtaja tu, mkaguzi atamwita kwa sheria. Wewe unamjua, taja."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, wala halikuwa na kona nyingine ya kukimbilia. Neno moja, na kilima kinabaki. Angeweza kulisema akiwa amesimama pale mlangoni, akarudi nyumbani jioni akapiga magoti, na mama ni mama, angesamehe. Lakini alikuwa ameshaona ile kanga ikikunjwa mapajani. Kama chombo kinataja watu bila idhini yao, na mwenye kukitengeneza naye anataja, basi yule mama kule mkekani alisema kweli juu ya wote wawili.

Alikwenda mbele ya meza ya mkaguzi.

"Bi Perpetua, sababu naijua, na si chumvi. Lakini mwenye siri hajanipa ruhusa, na mimi sitoi."

Bi Perpetua alivuta fomu yake karibu. "Unajua nitaandika nini."

"Najua."

"Na unajua watakata leo leo."

"Najua, mama."

"Mimi nakuamini," alisema mkaguzi, na ilionekana linamuuma. "Lakini sina mahali pa kuandika kwamba nakuamini. Nitakula chakula cha mchana kwanza. Nikirudi natia sahihi."

*

Nyumbani mkeka ulikuwa mtupu. Siwema aliita, akaangalia uani, akaangalia chumbani, mpaka jirani akamwambia kwa juu ya ukuta: kwa Bi Mgeni wanaoza leo, na mama yako kaja kuchukuliwa kwa kiti. "Kaomba mwenyewe," jirani akaongeza. "Sisi tumeshangaa."

Alikwenda mbio. Kwa Bi Mgeni ua ulikuwa umejaa wanawake, visu na vitunguu. Sufuria ilikuwa juu ya jiko la sahani ya jua, maana makaa hayatumiki tena, ila watu bado wanasema palia, palia, mkono ukienda hewani kama unamwaga makaa juu ya mfuniko. Kamba ya pazia ilikuwa imefungwa ukuta hadi ukuta, kama desturi ya Bi Mwanakombo. Kanga zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimewekwa chini ya kiti. Hazikutundikwa.

Na Bi Mwanakombo alikuwa amekaa mbele ya sufuria, mchana kweupe, anakoroga kwa mkono wa kushoto.

Kelele zilikuwa zimekatika. Kisu kimoja tu kiliendelea kukata kitunguu, kikaona aibu, kikanyamaza. Mwiko ulikuwa wa kuazima, haukumjua, lakini mkono ulijua kazi yake. Ulizama, ukazunguka chini, ukapanda na mchele bila kuvunja punje. Ngo, ngo. Siwema alisimama mlangoni akiutazama mkono ule, kwa sababu aliusikia mlio huo utoto wote na hakuwahi kuuona.

"Mnaona," alisema Bi Mwanakombo bila kugeuka. "Basi ndiyo hivyo, bora nijiseme mwenyewe kuliko kusemewa na chombo. Mmelishwa hivi toka enzi hizo. Atakayetapika atapike."

Hakuna aliyetapika. Bi Chiku, rafiki yake wa tangu chuoni, mwosha mchele wa shughuli zake zote, alikuwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi akiwa na nusu ya nazi mkononi. Akaiweka chini.

"Mwanakombo," alisema, "harusi ya Mwanamkasi unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Upepo ulikuja ukaling'oa pazia, kanga zote mbili zikaenda kwa jirani. Wewe hukuona, ulikuwa umeinamia sufuria. Ulipogeuka ulitukutaje?"

Mwiko ukapunguza mwendo. "Mmenipa visogo. Jiko zima. Mnaangalia ukuta."

"Na ukuta ulikuwa na nini cha kuangaliwa?"

Bi Mwanakombo akausimamisha mwiko.

"Tulijua, mwenzangu. Nilijua mimi tangu chuoni, nilikaa ubavu wako. Wengine walijua mmoja mmoja. Kila mwali aliyeingia jiko lako tulimfundisha mambo mawili: osha mchele mpaka maji yacheke, na pazia la Mwanakombo usilichungulie. Wewe ulikuwa unalishika kwa ndani, sisi tunalishika kwa nje."

"Miaka yote hiyo, Chiku?"

"Ulitaka lifichwe. Tukakusaidia kuficha. Tungesema nini, na pilau ilikuwa tamu?"

Bi Mwanakombo alicheka. Kwanza ilikuwa pumzi tu, kisha ikamshinda, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na haikujulikana tena kama ni kicheko. Wanawake wakamwacha. Wakarudia vitunguu vyao, maana vitunguu vinampa kila mtu ruhusa ya kulia.

Ndipo alipomwona mwanawe mlangoni.

"Wewe unasimama hapo unangoja nini?" alisema. "Kamlete huyo mkaguzi wako na kioo chake, kabla hatujapalia. Na umwambie nina sharti. Kila anayerudisha chombo aulizwe kwanza, kwa faragha. Anayetaka mkono wake ukumbukwe, haya. Anayetaka usahauliwe, mchomeeni."

"Itabidi tanuri moja libaki, Mama. Na kuni zake."

"Basi libaki moja. Wenye siri nao ni watu."

*

Bi Perpetua alikuja na viatu vyake vya ofisini, akachutama kwenye mvuke wa bizari. Bi Mwanakombo alinawa, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kioo, kovu juu. Siwema akaulaza upawa kando yake. Kioo kikafikiri kidogo, kikawaka kijani. Mkaguzi akasoma kwa sauti jina la mtu na jina la chombo, kama sheria inavyotaka, na jiko zima likamwitikia kwa vigelegele, yeye akashangaa, hakujua amesema nini cha kushangiliwa. Alilisikiliza sharti, akaliandika, akapiga simu kiwandani kwamba tingatinga lirudishwe. Miti ya upande wa chini ilikuwa imekwishaanguka, maana tingatinga halikungoja sahihi. Ya juu, ile waliyokuwa wakiipanda, ilibaki.

Pilau ilipoiva, Bi Mwanakombo aliushika ule upawa mwenyewe. Ulimjua mara moja. Akapakua sahani ya kwanza, akaruka zamu ya bwana harusi, akaruka zamu ya Bi Chiku, akamnyooshea Siwema.

Siwema akanyoosha mkono wa kulia, kama alivyofundishwa kwa leso.

Mama yake hakuiachia sahani. Aliishikilia hivyo hivyo, mvuke ukipanda katikati yao. Alingoja, mpaka mwanawe alipoelewa, akashusha mkono ule na kuleta wa kushoto.